Waliokwenda Kuuliza Habari za Askari Waliouawa

Mwandishi wa habari akifika langoni mwa kambi ya jeshi au mlangoni mwa kituo cha polisi, huwa amechukua vitu vitatu tu: kalamu, daftari na swali. Askari aliye kwenye lindo anaweza kumjibu, anaweza kumpeleka kwa mkubwa wake, na anaweza kumwambia kwamba jambo hilo ni la siri na hataruhusiwa kuingia. Hayo yote yamo katika kazi yake. Lakini historia ya nchi jirani inatuonyesha siku ambapo swali lilijibiwa kwa kifo, na waliotoa jibu hilo wakaachwa bila adhabu. Inatuonyesha pia kwamba msiba ulioanzia langoni mwa kambi haukuishia kwa waandishi. Uliwafikia mahakimu, ukawafikia polisi, na mwishowe ukalila jeshi lenyewe.

Mwezi wa Julai, 1971, raia wawili wa Marekani walisafiri kutoka Kampala kwenda Mbarara, magharibi ya Uganda. Mmoja alikuwa Nicholas Stroh, mwandishi wa habari wa kujitegemea. Wa pili alikuwa Robert Siedle, mwalimu wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Makerere. Walikwenda kwa gari dogo la Volkswagen. Habari zilikuwa zimeenea kwamba ndani ya kambi ya Kikosi cha Simba, huko Mbarara, askari wa Uganda walikuwa wameuawa kwa wingi na askari wenzao. Stroh na Siedle walikwenda kuuliza kama habari hizo zilikuwa za kweli. Hawakurudi.

Inafaa kila askari anayesikiliza alipime jambo hili kwa makini. Watu wale wawili hawakwenda kuuliza idadi ya mizinga, wala mipango ya vita, wala siri yoyote ambayo jeshi la nchi lina haki ya kuificha. Walikwenda kuuliza habari za askari waliokufa. Walitaka kujua ni nani aliyewaua watu waliokuwa wamevaa sare, waliokula kiapo na kuitumikia nchi yao. Marehemu hao hawakuwa na chama cha kuwasemea, wala bunge, wala mahakama. Katika siku zile, waliofika mpaka langoni mwa kambi kuulizia damu yao walikuwa raia wawili wageni wasio na silaha.

Kuelewa jinsi mambo yalivyofikia hapo, ni lazima kurudi nyuma miezi sita. Tarehe 25 Januari, 1971, Meja Jenerali Idi Amin aliipindua serikali ya Rais Milton Obote, aliyekuwa Singapore katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola. Mara baada ya mapinduzi, askari wengi wenye asili ya Acholi na Lango walianza kutiliwa shaka kwa sababu ya kabila lao tu. Brigedia Suleiman Hussein, aliyekuwa Mnadhimu wa jeshi, alikamatwa na kuuawa gerezani. Katika miezi iliyofuata mauaji yalitokea katika kambi za Jinja, Moroto, Magamaga na Mbarara. Mwishoni mwa mwaka huo mamia ya askari waliokuwa wamefungwa Luzira walihamishiwa Mutukula, karibu na mpaka wa Tanzania, na huko wengi wao wakauawa. Wachache walioponyoka walivuka mpaka mapema mwaka 1972, na ni kutokana na vinywa vyao kwamba dunia ilipata kuyajua yaliyotendeka.

Wakati huohuo sheria nayo ilikuwa ikipindwa. Mwezi wa Machi, 1971, serikali ya Amin ilitoa amri iliyowapa askari wa jeshi uwezo wa kukamata raia. Kazi hiyo tangu zamani ilikuwa ya polisi, ambao hufundishwa kuifanya, huandika maelezo, na hutakiwa kumfikisha mtu mahakamani. Tangu hapo mtu aliweza kuchukuliwa nyumbani kwake bila hati na bila kituo chochote kuandika jina lake kitabuni. Polisi wa Uganda, waliokuwa na sifa nzuri ya kazi, walianza kugeuzwa watazamaji katika nchi yao wenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa hali siku Stroh na Siedle walipofika Mbarara. Walipotoweka, serikali ilisema haijui lolote. Lakini mwenye kuficha mzoga hawezi kuuzuia usinuke. Watu wa mjini waliliona gari la Stroh likiendeshwa na ofisa wa jeshi baada ya mwenyewe kutoweka. Maswali yalipozidi, gari lile lilichomwa moto na kutupwa korongoni katika milima ya Rwenzori, mbali na Mbarara. Maiti zilizokuwa zimezikwa zilifukuliwa usiku na kuteketezwa. Kwa hiyo waliokuwa wametenda kosa la kwanza walilazimika kutenda la pili ili kulificha, na la tatu ili kulificha la pili. Kila mara walihitaji mikono ya vijana wa chini yao.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Luteni Silver Tibihika. Aliamriwa kushiriki katika kazi ya kuondoa ushahidi. Baadaye alishindwa kuuvumilia mzigo ule, akakimbilia Tanzania, na huko akaeleza aliyoyaona. Luteni huyu hakuwa mwandishi wa habari. Alikuwa ofisa wa jeshi aliyekuwa na cheo, mshahara na matumaini ya kupanda. Amri moja isiyo halali ilimwondolea vyote hivyo na kumfanya mkimbizi. Wale waliotoa amri walibaki na vyeo vyao.

Kwa shinikizo la serikali ya Marekani, Amin alikubali uchunguzi ufanywe na Jaji David Jeffreys Jones wa Mahakama Kuu ya Uganda. Jaji huyo alifanya kazi yake mwaka 1972 bila msaada wa wakuu wa kambi. Kwa kuona hatari iliyomkabili, aliondoka Uganda na kuitoa ripoti yake akiwa Kenya. Ripoti hiyo ilisema kwamba Stroh na Siedle waliuawa na watu wa Kikosi cha Simba, na iliwagusa maofisa wakubwa wa kambi, akiwamo mkuu wa kikosi, Luteni Kanali Ali Fadhul, na Meja Juma Aiga. Serikali ilimlaumu jaji badala ya wauaji. Baadaye ikalipa fidia kwa jamaa za marehemu. Hakuna ofisa hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa vifo hivyo.

Jambo hili la fidia halifai kupitwa haraka. Serikali inayolipa fidia hukiri kwamba kosa limetendeka. Lakini kama inalipa fedha za wananchi huku mwenye kosa akibaki kazini, basi fedha hizo ni bei ya kumnunulia muuaji uhuru. Waliokuwa kambini waliuelewa ujumbe huo vizuri sana. Walijifunza kwamba mtu anaweza kuua, akajulikana, akatajwa na jaji, na bado asubuhi akapigiwa saluti.

Baada ya ujumbe huo kueleweka, mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1972 ilitolewa amri nyingine iliyowakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yaliyosemekana kuwa ya kulinda usalama. Mwaka huohuo waziri alipewa uwezo wa kulifunga gazeti lolote. Tarehe 21 Septemba, 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alivutwa na watu wenye silaha kutoka katika jengo la Mahakama Kuu, mchana, mbele ya macho ya watu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameamuru kuachiliwa kwa Mwingereza mmoja aliyekamatwa na wanajeshi, akisema kwamba hawakuwa na uwezo huo wa kumkamata. Hakuonekana tena.

Mwezi wa Januari, 1973, ilifika zamu ya Padri Clement Kiggundu, mhariri wa *Munno*, gazeti la Kikatoliki la lugha ya Kiganda lililoanzishwa mwaka 1911. Maiti yake ilikutwa ndani ya gari lake lililochomwa moto. Uchunguzi wa daktari ulionyesha kwamba alikuwa amenyongwa na kupigwa risasi. Gari lililochomwa, kama lile la Mbarara! Waliotenda hawakujisumbua hata kubadili mbinu, kwa kuwa mbinu ya kwanza haikuwaletea adhabu.

Kutokana na vifo hivyo wahariri wa Uganda walijifunza kunyamaza, na waliobaki wakaandika waliyoambiwa. Je, ukimya huo ulilinufaisha jeshi? Wako wanaodhani kwamba jeshi huwa na nguvu zaidi pale ambapo magazeti hayaulizi kitu. Yaliyoipata Uganda yanakanusha dhana hiyo. Mwezi wa Machi, 1974, Luteni Kanali Michael Ondoga, aliyekuwa ametoka tu katika kazi ya Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alikutwa amekufa katika mto Nile. Mwezi huohuo Brigedia Charles Arube alikufa katika jaribio la uasi. Hawa walikuwa watu wa ndani kabisa ya utawala. Panga lililonolewa kwa ajili ya wengine lilikuwa limewarudia wenyewe.

Mwaka huo wa 1974 Amin aliunda tume ya kuchunguza habari za watu waliotoweka, chini ya Jaji Mohamed Saied, na miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo maofisa wa polisi na wa jeshi. Tume hiyo ilifanya kazi kwa uaminifu kuliko ilivyotazamiwa. Ilisikiliza ushahidi wa mamia ya kesi na kuvinyoshea kidole vyombo viwili vya utawala, yaani Idara ya Utafiti ya Serikali na Kikosi cha Usalama wa Raia. Malipo yake yalikuwa machungu. Jaji alipoteza kazi. Mjumbe mmoja alibambikiwa kesi ya mauaji na kuhukumiwa kufa, na mwingine akaikimbia nchi. Ripoti yao haikutangazwa kwa wananchi. Hivyo nchi iliyoanza kwa kumnyamazisha mwandishi ikaishia kumnyamazisha askari mwaminifu aliyefanya uchunguzi kwa amri ya mkuu wa nchi mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba, 1978, majeshi ya Amin yalipovamia Kagera, redio ya Kampala ilitangaza kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia. Hakukuwa na gazeti lililobaki Uganda la kuuliza kama maneno hayo yalikuwa ya kweli, na askari wa Uganda walipelekwa vitani kwa uongo. Mji wa Mbarara ulitekwa na majeshi ya Tanzania mwishoni mwa Februari, 1979, na Kampala tarehe 11 Aprili. Siku chache kabla ya Kampala kuanguka, waandishi wanne, Waswidi wawili na Wajerumani wawili, walivuka Ziwa Victoria kwa mashua kutoka Kenya ili washuhudie mwisho wa nduli. Walipofika nchi kavu waliuawa na askari wa Amin. Utawala ulioanza mwaka wake wa kwanza kwa kumwua mwandishi ulifunga hesabu zake kwa kuwaua waandishi.

Na wale wa Mbarara je? Ali Fadhul alikamatwa baada ya utawala huo kuanguka, na mwaka 1989 alihukumiwa kifo. Lakini hukumu hiyo ilikuwa ya kifo cha Nekemia Bananuka, kiongozi wa serikali ya Ankole aliyeuawa mwaka 1972. Mwaka 2009 alisamehewa na Rais akatoka gerezani. Linganisha tarehe hizo. Kama sheria ingefuata mkondo wake mwaka 1971, pengine Bananuka asingeuawa mwaka 1972. Hii ndiyo hasara ya kosa lililoachwa: walioumizwa na kosa la kwanza huongezewa wenzao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Huenda msikilizaji akasema kwamba Amin alikuwa mtawala wa aina yake, na kwamba mambo yale hayawezi kutokea katika nchi yenye bunge, uchaguzi na mahakama. Kwa hiyo inafaa kuitazama nchi nyingine jirani, Msumbiji, na kwa miaka iliyo karibu zaidi.

Carlos Cardoso alikuwa mwandishi mashuhuri wa Msumbiji. Katika miaka ya 1980 aliliongoza Shirika la Habari la nchi hiyo. Baadaye alihariri gazeti dogo lililoitwa *Metical*, ambalo lilipelekwa kwa wasomaji wake kwa faksi. Katika gazeti hilo alifuatilia kwa muda mrefu wizi wa kiasi cha dola milioni 14 katika benki moja ya biashara, uliotokea wakati benki hiyo ikibinafsishwa. Tarehe 22 Novemba, 2000, alipigwa risasi na kuuawa ndani ya gari lake mjini Maputo. Dereva wake alijeruhiwa vibaya.

Hapa mambo yalikwenda tofauti na Uganda. Wananchi walidai haki bila kuchoka. Kesi ilisikilizwa chini ya Jaji Augusto Paulino, na wananchi wakaifuata katika redio na televisheni siku baada ya siku. Mwezi wa Januari, 2003, watu sita walipatikana na hatia na kupewa vifungo virefu, kuanzia miaka zaidi ya 23. Wafanyabiashara wenye fedha walisimama kizimbani pamoja na waliofyatua risasi. Ilikuwa heshima kubwa kwa mahakama ya nchi ile.

Lakini kizimbani mlikuwa na nafasi tupu. Aníbal dos Santos, aliyeliongoza kundi la wauaji, alikuwa ametoroka Septemba, 2002, kabla kesi haijaanza, kutoka gereza lenye ulinzi mkali kuliko yote nchini. Alihukumiwa bila kuwapo. Alikamatwa Afrika Kusini na kurudishwa. Mwezi wa Mei, 2004, akatoroka tena, mara hii akafika Kanada, akarudishwa Januari, 2005, akahukumiwa upya mwaka 2006 kifungo cha karibu miaka 30. Desemba, 2008, akatoroka kwa mara ya tatu, safari hii kutoka mahabusu ya polisi mjini Maputo, na hakupatikana hadi mwaka uliofuata.

Polisi na askari magereza wanaosikiliza hawahitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Mfungwa mmoja hatoki mara tatu kwa bahati. Jaji anaweza kuandika hukumu iliyo bora kabisa, lakini hukumu ikishatiwa sahihi hukabidhiwa mtu mwenye funguo. Uganda muuaji alilindwa na amri ya mkuu wa nchi. Msumbiji alipata upenyo kwenye kufuli. Njia ni mbili, lakini anayeziona akiwa anapanga kumwua mwandishi mwingine hujifunza somo lilelile.

Wala haifai kuwacheka majirani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tarehe 2 Septemba, 2012, katika kijiji cha Nyololo, mkoani Iringa, mwandishi wa televisheni Daudi Mwangosi, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa mkoa huo, aliuawa akiwa kazini, katikati ya askari polisi. Kesi ilichukua karibu miaka minne. Mwaka 2016 askari mmoja alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 15. Kwamba mahakama ilifanya kazi yake ni jambo la kushukuru. Kwamba mwandishi alikufa mikononi mwa waliopaswa kumlinda ni jambo la kukumbukwa kila siku askari wapya wanapofundishwa kazi.

Umoja wa Mataifa nao uliona ukubwa wa jambo hili. Mwezi wa Desemba, 2013, Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuifanya tarehe 2 Novemba kuwa siku ya kupinga kuachwa bila adhabu kwa makosa dhidi ya waandishi. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwakumbuka waandishi wawili wa redio ya Kifaransa waliouawa Mali mwaka huo. Kwa hesabu za Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la umoja huo, zaidi ya kesi nane katika kila kumi za waandishi waliouawa duniani hazijafikishwa mwisho wake.

Yapo mawazo kwamba uhuru wa magazeti ni shauri la wanasiasa na wasomi wa mjini. Mbarara inaonyesha vingine. Siku ile ya Julai, 1971, uhuru wa magazeti ulikuwa mikononi mwa askari waliokuwa zamu. Ulikuwa mikononi mwa ofisa aliyeamua mgeni afanywe nini, mikononi mwa kijana aliyepewa koleo kufukua maiti, na mikononi mwa polisi wa mjini walioliona gari na kujiuliza kama waandike taarifa. Kila mmoja wao alikuwa na nafasi ya kuusimamisha uovu. Sheria za kijeshi za nchi zilizostaarabika humtaka askari aitii amri halali; hazimlazimishi kutenda jinai, wala hazimkingi akiitenda.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wangeweza kuongeza kwamba kuuliza si uadui pia. Askari aliyeuawa kwa siri ndani ya kambi yake hana wa kumsemea isipokuwa yule anayethubutu kuuliza yuko wapi. Nchi inayomlinda mwenye kuuliza, na inayomfikisha mahakamani anayemdhuru bila kutazama cheo chake, inamlinda askari wake pia. Stroh na Siedle walikufa wakiulizia askari wa Uganda ambao serikali yao wenyewe haikutaka waulizwe. Deni hilo halijalipwa hata leo, na wanaostahili kulikumbuka zaidi ni watu wa sare.